Rimu Nne za Mwalimu Pelagia

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema kabla watu wa Ipole hawajakusimulia wakaongeza chumvi.

Kazi yangu mjini Tabora ni kusaka na kuthamini vipuri vya magari ya zamani. Nimesomea kwa kutapeliwa: niliwahi kuuziwa rimu ya toroli nikaapiwa kuwa ni ya gari la mbio. Mwaka mzima nilikuwa natafuta rimu za Datsun ya mteja wangu Mfaume, ile ya pua ndefu, milango miwili. Hakutaka zile za kiwandani. Alitaka nyepesi, ambazo watu wa mashindano walikuwa wakinunua kando miaka ya sabini. Aliahidi milioni tatu kwa zote nne. Ikipungua moja, hataki hata kuziona.

Januari akanipigia Mwalimu Pelagia wa Ipole, mstaafu, mjane wa fundi magari Tobias.

"Gerson mwanangu, nina rimu nne za zamani stoo. Zitakufaa?"

Mwalimu akitaja rimu, tena Januari, wewe utafikiria nini? Mimi nilikuwa nimetoka kununua rimu za karatasi za watoto watatu.

"Shikamoo, mwalimu. Zipeleke shuleni wachapie mitihani. Mimi hata barua ya mapenzi naandikiwa."

Akacheka, akakata simu.

Mwezi uliofuata nikaenda Ipole kununua asali. Napita shuleni, kengele ikagongwa. Unazijua kengele zetu: rimu ya lori imetundikwa mtini, ikipigwa nondo inasikika kijiji cha pili. Hii ikalia "du!" kama mtungi. Watoto uwanjani wakaendelea na mpira wao.

"Tangu Mwalimu Pelagia atuletee hii, nusu ya shule inachelewa," akalalamika Recheli, mwalimu wa zamu.

Mimi nimeshasimama kama nimepigwa shoti. Chuma huimba. Magnesiamu, metali ya rimu nyepesi za mashindano, hunung'unika.

Nikaishusha, nyepesi kama ungo. Nikakwangua rangi kwa nyuma na ufunguo: nembo, inchi kumi na nne kwa sita, mwaka 1972. Matundu manne ya nati. Nikapitisha kidole ukingoni kutafuta ufa. Hakuna, makovu ya nondo tu. Nikamwapia Recheli kuwa nitaleta ya lori kabla ya Jumatatu, nikakimbilia kwa Pelagia nayo mikononi.

Nilimkuta uani anachuja nta. Akanitolea nyingine tatu, zimefutwa vumbi, ndugu wa tumbo moja.

"Ulisema nizipeleke shuleni," akasema. "Nikaona nne ni nyingi kwa shule moja."

Hapo ningefunga mdomo na kushukuru Mungu. Badala yake nikajitia mjanja.

"Mwalimu, hizi chakavu. Nakupa laki mbili kwa zote, basi tu kwa kuwa namheshimu marehemu."

"Marehemu alisema ni mali."

"Alizipenda. Mapenzi hayana bei sokoni. Hii nayo imepigwa nondo mwezi mzima!"

"Nani aliyesema ikapigwe?"

"Tusirudi huko, mama. Wanunua vyuma wakiziweka kwenye mizani, hata hiyo laki mbili huioni."

"Basi waje wapime."

"Watakucheka! Chakavu ni chakavu, mwalimu."

Akajifuta nta vidoleni, taratibu, akanitazama kutoka miguuni mpaka kifuani.

"Kama ni chakavu, Gerson, mbona tangu uingie umeipakata kama kichanga?"