Kidonge Kwenye Kisosi

...maji anayo, kidonge amekiweka kwenye kisosi kama mgeni, anasema, anachotaka ni nimwambie tu kinywewe sasa au baada ya kula, na mimi nimeibana simu kati ya sikio na bega kwa sababu mikono ina glavu na mbele yangu kuna trei ya mirija ya damu inayosubiri kuingia mashineni, nasema, "Subiri kidogo, Mama," nimeshasema hivyo mara kadhaa, kwa sababu nikisema kunywa basi tumekubali, tumekubali kwamba ni ule ugonjwa uliomchukua dada yake, Mama Mkubwa, rovu shingoni, macho yamemtoka, amekaa kitini hafanyi lolote na moyo unakimbia mpaka unauona kwenye kola ya gauni, kisha siku moja kiti kikawa kitupu na hakuna aliyetueleza sisi watoto... "Unanisikia au naongea na ukuta?" "Nakusikia, Mama," sijasikia hata neno, nafikiria kwamba ni mimi niliyemleta hapa, tulikuwa tunatafuta watu wazima wenye afya ili tujue homoni za tezi ya shingo zikoje zikiwa sawa, na kwetu maabara watu wa kujitolea wakipungua kila mtu analeta wa kwao, mpokezi akamleta mumewe, daktari wa utafiti, tunayemwita Kasuku, akaleta mashemeji, mimi nikamleta Mama, akaja na viatu vya kutokea, akamwambia mtoa damu, "Chukua, mwanangu, ila usiimalize," chumba kizima kikacheka, na majibu yalipotoka nyapara alikuwa kimya, nyapara ndilo jina letu la ile homoni inayoshuka kutoka chini ya ubongo kuiamrisha tezi, tezi ikizembea nyapara anapiga kelele, tezi ikizidisha kazi nyapara ananyamaza, na wa Mama alinyamaza kabisa, huku homoni za tezi yenyewe zimepanda juu ya kiwango, tukarudia, mashine ileile, jibu lilelile, hata kipimo cha kingamwili zinazoichochea tezi kikasema ndiyo, Kasuku akasema, "Aanze dawa leo, leo aanze," na dawa zikishindwa tezi itolewe, na mimi nikaitikia kwa kichwa kama naitikia habari za mama wa mtu mwingine... lakini Jumapili nilimshika mkono mezani, nikajifanya natazama bangili, nikahesabu, na mapigo hayakuwa na haraka yoyote, mwili haujapungua, gauni linambana palepale linapombana siku zote, usingizi wake wa kukoroma nausikia mpaka sebuleni, nikajijibu kitaalamu kwamba watu wa umri wake huficha dalili, nikaiamini mashine, nikaukana mkono wa mama yangu... "akanishika hapa mbele, huyo msusi," anasema Mama, "akaniambia huku kulikuwa uwanja wa mpira, mama, sasa majani yameota, nikamwambia usijisifu, si mafuta yako hayo, ni vile vidonge alivyoniletea shoga yangu," na mimi nasema ndiyo, ndiyo, nageuza mrija nisome namba yake, halafu mkono unasimama. "Vidonge gani?" "Si vya ugonjwa, baba. Vya nywele." "Tangu lini?" "Tangu upara wa marehemu baba yako uanze kunihamia." "Mama, nilikuuliza. Nilikukalisha nikakuuliza unatumia dawa yoyote." "Uliniuliza dawa. Nywele ni ugonjwa?" ...na ni kweli, swali tuliliandika sisi wenyewe, tukalijadili asubuhi nzima, tukaweka dawa ya presha, ya sukari, ya uzazi, na hakuna aliyefikiria kichwa cha mwanamke kwa nje... "Soma kopo, Mama, soma kilichomo." "Unanisumbua, miwani... haya, ba, bayo, bayotini, halafu namba ina masufuri mengi kama bei ya kiwanja," na mimi nakaa, sijui nimekaa juu ya nini, bayotini, vitamini ya nywele na kucha, iko kwenye friji nyuma yangu, iko ndani ya kila boksi la vitendanishi ninalolifungua asubuhi, ndiyo gundi yetu, kingamwili za kupimia zimefungwa bayotini ili zinaswe na chembe za sumaku, na damu ikija imejaa bayotini ya kopo, hiyo inakaa kwenye nafasi zote kabla ya yetu, tulichokuwa tukipima kinaoshwa na kumwagwa, nyapara anasomeka hayupo kumbe yupo, na kipimo cha homoni ya tezi kinasoma kinyume, kikinasa kidogo kinasema zipo nyingi, uongo huu unauunga mkono uongo ule, na hata wa kingamwili unaingia humohumo, ugonjwa mzima umetengenezwa ndani ya mashine yangu, na tungerudia mpaka kesho tungepata ugonjwa uleule... sijathibitisha, najua sijathibitisha, aache vidonge vya nywele siku chache, nimtoe damu upya, nipime na kwa njia isiyotumia gundi hii, nimwambie Kasuku, atasema haiwezekani, haiwezekani, kisha atawakumbuka wale mashemeji zake wawili ambao majibu yao nayo yalitushangaza, wenye kucha ndefu, naye atatafuta pa kukaa... lakini ule mkono wa Jumapili ulikuwa unasema kweli, yale mapigo ni yake, Mama Mkubwa alikuwa Mama Mkubwa na huyu ni huyu, na kitu kilichokuwa kimenikaba tangu majibu yatoke kinaachia, kinaachia kwa namna ya aibu, macho yanajaa na siwezi kuyafuta kwa glavu zenye damu za watu, nacheka bila sauti, mashine inalia kuniomba trei, ingoje... "Sasa hiki kilichopo kwenye kisosi," anasema Mama, "kinywewe au kisinywewe? Maji yamekwisha kupoa na yalikuwa ya baridi toka mwanzo," nafungua mdomo nimwambie usinywe, Mama, kitupe, kimwage na kisosi chake, na sauti haiji, naye anasikia ninavyopumua. "Umenyamaza tena," anasema. "Haya, fanya kazi zako, ukimaliza utaniambia. Mimi sigusi kitu bila wewe, na siendi popote."