Msamaha Ambao Unaisi Hakuuomba

Kwa miaka kumi na mmoja Unaisi alihuisha cheti chake cha uwakili siku hiyohiyo aliyokiomba. Mwaka huu ilikuwa wiki ya tano, na bado walikuwa wakimzungusha. Karani wa vyeti, ambaye waliimba naye kwaya moja, kila siku alimwambia faili liko mezani kwa mkubwa.

"Mezani linafanya nini?"

"Linasubiri, dada. Usinitie matatani."

Sababu waliijua wote wawili. Unaisi alikuwa akimtetea Setareki, mwoka mikate aliyezuiwa ndani siku tisa zaidi baada ya hakimu kuamuru polisi wamwachie. Setareki akaishtaki serikali, na Unaisi akamwandikia waziri wa polisi barua kumkumbusha kwamba amri ya mahakama si ombi. Tangu barua hiyo, faili likaota mizizi. Kesi ilikuwa Jumanne saa tatu asubuhi, na bila cheti hangeruhusiwa kufungua mdomo mahakamani. Mawakili sita aliowaomba wamshikie kesi, wote walipata udhuru. Waoga wakubwa hao, na shahada zao ukutani.

Jumatatu mchana karani akapanda ngazi za ofisi ya Unaisi, tabasamu hadi masikioni, bahasha mkononi. Ndani kilikuwamo cheti, kimetiwa sahihi na muhuri.

"Yamekwisha, dada. Wazee wako ni waungwana kwelikweli."

"Wazee gani?"

"Kumbe hujui? Baba yako na wenzake wa kijijini. Asubuhi wamempelekea waziri jino la nyangumi, wakakuombea radhi. Amelipokea."

Unaisi akakaa chini. Kwao jino likishapokewa, ugomvi umekufa na hakuna wa kuufukua. Katika ugomvi wa mpaka wa shamba au wa binti aliyetoroshwa, aliipenda desturi hiyo kuliko mahakama yoyote. Leo alitamani kupasua kitu.

Alimkuta baba yake, mzee Apenisa, kwa shangazi mjini, akinywa chai na muhogo wa kuchemsha.

"Baba, mmeniombea msamaha kwa kosa gani?"

"Waziri ana kinyongo na wewe. Hilo halitoshi?"

"Niliandika barua. Ndiyo kazi yangu."

"Basi kaifanye. Cheti si umepata? Tumekaa mkekani saa nzima, na goti langu hili, vichwa chini. Hatukuuliza nani ana haki. Ulitaka tuulize?"

"Ndiyo, Baba. Nilitaka mtu mmoja aulize."

Mzee akasogeza kikombe pembeni. "Lile jino lilikuwa la harusi ya mama yako," alisema. "Halikubaki jingine nyumbani."

Hasira ya Unaisi ikakosa pa kwenda. Angemgombeza vipi mtu aliyetoa kitu kama hicho kwa ajili yake? Lakini moyoni alikata shauri: kesho angesimama tu, wamwite mvunja mila wakitaka. Akaondoka moja kwa moja hadi kwa Setareki, kumwambia avae shati safi.

Setareki alikuwa akikanda unga. Hakuinua uso.

"Nimefuta kesi, mama wakili."

"Umefuta? Lini?"

"Saa nane. Redio imetangaza saa saba kwamba wakili wangu ameomba radhi na amesamehewa."

"Mimi sikuomba radhi, Setareki. Hawakuniuliza hata."

"Jino limepokewa. Wewe uliyesoma, mwenye ofisi na jina, watu wenu wamepiga magoti kwa ajili yako. Mimi wa mikate nisimame na nani? Wakinirudisha kule ndani, nani atanitoa?"

"Mimi."

Setareki aliendelea kukanda. Baadaye alimfungia mkate kwenye gazeti, akampa bila kumtazama, na Unaisi akaupokea.

Hata hivyo Jumanne alikwenda. Saa tatu kamili alikuwa kwenye kiti cha mawakili, joho limepigwa pasi, cheti ndani ya mkoba. Mzee Apenisa alikaa nyuma kabisa. Alikuja kumwona mwanawe akifanya kazi. Jina la Setareki liliposomwa, Unaisi alisimama.

Hakimu akafunua faili, akalifunika. "Kesi hii imefutwa jana, wakili. Wewe unamwakilisha nani?"

Kwa wiki tano alikuwa amepigania ruhusa ya kufungua mdomo mahali hapa. Sasa alikuwa nayo, halali hadi Desemba. Akafungua mdomo, akaufunga, akakaa.