Uzi wa Kioo Shimoni

Damiano alibakiwa na jicho moja. La pili lilichukuliwa na kibanzi cha jiwe zamani, alipokuwa fundi baruti kwenye machimbo ya Mpanda. Ndiyo maana mwaka ule wa 1978 mkewe, Eufrazia, alimkataza kurudi shimoni. Jicho hilo si lako peke yako, alimwambia, ni letu wote.

Lakini alikuja mtaalamu wa Kizungu na sanduku lake la leza, linalopiga mwanga mkali usioonekana, ukipita ndani ya uzi wa kioo mwembamba kama mshipi wa kuvulia, uliovikwa mpira. Mwanga upige mwamba chini, mwamba uwake, ijulikane kama madini yamebaki. Alitaka mtu anayezijua njia za chini. Damiano akaenda.

Akapewa miwani ya kijani ya kukinga jicho na mwanga huo, ilikuwa moja tu. Akaambiwa asiukunje uzi, wala asiuguse mpaka shemeji yake Kasimiri ashuke kumwambia sanduku limezimwa.

Tambi za baruti Damiano alizifunga miaka ishirini. Akauzungusha uzi kwenye msumari, mizunguko mitatu ya kubana, usije ukavutika. Utambi hata ukiukunja, moto unafuata. Akajibanza konani.

Mwamba haukuwaka. Maji yalidondoka. Harufu ya mpira unaoungua ikamfikia.

Utambi ukinyamaza, fundi baruti hungoja nusu saa. Baada ya hapo umekufa. Wenzake wawili hawakungoja, aliwazika. Yeye alingoja nusu saa nzima, akihesabu kwa Salamu Maria, ndipo akaufuata uzi. Miwani ilimtia giza, akaivua. Uzi ulikuwa umekatika pale msumarini. Akaishika ncha, akaisogeza usoni.

Hakuona mwanga wowote. Alisikia tu kitu kikipasuka ndani ya jicho, kama punje ya ulezi kikaangoni. Hakikuuma. Uzi ukamponyoka.

Kasimiri akashuka na taa, ametumwa kuuliza kama mwamba umewaka.

"Shemeji, mbona unaniangalia sikio?"

Damiano akaielekea taa. Kila alipoitazama ilizimika. Akigeuka pembeni, inawaka.

"Mzungu amezima sanduku?"

"Hajazima. Uzi wenyewe uko wapi?" Kasimiri alikuwa ameshaanza kuinama.

Damiano akampapasa shingo, akamvuta, akamkandamizia uso kifuani kwake kwa nguvu zote. Kasimiri akafurukuta, akitukana. Mahali fulani miguuni pao uzi ulikuwa unaendelea kupiga, kimya.