Jina la Kwenye Kadi

Mzee wa Tai, kifungua mimba wa mama yake, aliyeitwa hivyo kwa kutovua tai shingoni, alikuwa ameandika kurasa sitini za historia ya ukoo wao wa Ezekieli, na kesho yake zilikuwa ziende kwa mchapaji. Alimsomea mama ukurasa wa kwanza kwa sauti ya hotuba: jina ni la Kiebrania, maana yake Mungu hutia nguvu, na damu yao inatoka moja kwa moja kwa nabii.

Mama aliendelea kukunja shuka. Wazee waliofanya kazi na mumewe kwenye kiwanda cha mbao walikuwa bado hai, na kitabu hicho kikitoka wangemcheka mwanawe mpaka wakae chini.

"Mwanangu, baba yako aliingia kiwandani kwa kadi ya mtu."

"Kadi gani tena, mama?"

"Ya kazi. Ezekieli mwenyewe aliacha kazi, akaitupa getini. Baba yako akaiokota. Msimamizi akaita jina, naye akaitika. Aliitika miaka thelathini, na wewe ukazaliwa ukalikuta."

Mzee wa Tai alilegeza tai. Mama akamwonea huruma, akamsogezea kiti.

"Na huyo mwenye kadi," aliuliza mwana, "alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mvivu wa kutupwa. Hakumaliza hata wiki."

Mzee wa Tai akatoa kalamu, akaongeza mstari chini ya ukurasa: "Tangu zamani, manabii hawakupenda kuajiriwa."

Mama akachukua shuka nyingine.