Nyuzi za Buluu Katika Tope la Lufira

Hilaire aliinua jicho kutoka kwenye hadubini akatafuta mahali pa kutema mate. Sakafu ya labo alikuwa ameidekia mwenyewe asubuhi hiyo, basi akameza. Mbele yake palikuwa na karatasi ya kuchujia, na juu ya karatasi, kwenye mabaki ya tope la mto Lufira, lililochotwa chini kidogo ya bwawa la Mwadingusha, zililala nyuzi za buluu zilizojikunja mfano wa minyoo. Mwenzake Carmel alipasha sindano motoni akaugusa uzi mmoja. Ukasinyaa, ukayeyuka. Ingekuwa pamba ingeungua, akamweleza. Hii ni plastiki.

Hilaire alihesabu nyuzi arobaini na moja. Jumapili alikuwa amekula samaki wa Mwadingusha, akanyonya kichwa mpaka mifupa ikabaki myeupe.

Labo yao ilizoea mawe. Watu wa Kambove walileta vifuko vyao wajue shaba ni kiasi gani, na wale waliokuja na ubishi walinyamaza wakiambiwa jiwe limepita mikononi mwa Hilaire. Kwa miaka thelathini na minane sampuli yake haikurudishwa hata mara moja. Hilo ndilo lilikuwa jina lake mjini Likasi, na hakuwa na mali nyingine ya kulinganisha nalo. Kazi hii ya kutafuta plastiki ndogondogo ililetwa na Carmel, mkemia kijana aliyesomea Lubumbashi. Ripoti ilitakiwa kwa profesa wake siku ya Ijumaa.

Wiki nzima Hilaire hakunyamaza. Nyumbani, mtaani Kikula, alimkataza mkewe Suzanne kununua samaki. Jirani aliyetupa vifuko vya maji mferejini alimwita nguruwe mbele ya watoto wake, na jirani akamjibu kwamba nguruwe angalau hamwagi hotuba. Kila karatasi iliyotoka chini ya hadubini ilikuwa na nyuzi zilezile, na kila mara alinawa mikono hadi kwenye viwiko, ingawa hakuwa amezigusa.

Jumatano asubuhi alitayarisha tope la kumi na mbili, la mwisho. Alilitayarisha jinsi alivyotayarisha mawe maisha yake yote. Tope likishakauka na kupondwa, alilimwaga katikati ya turubai, akavuta pembe moja baada ya nyingine ili unga ujiviringishe na kuchanganyika. Kisha akakusanya kichuguu, akakikata mafungu manne, akachukua mawili yanayotazamana. Jua lilikuwa limeingia dirishani. Alipoinua pembe ya mwisho aliona ukingo wa turubai umechakaa, umetoa ndevu, na ndevu zile zilikuwa za buluu.

Alichomoa unywele mmoja akauweka chini ya hadubini. Akatazama kwa muda mrefu. Ulikuwa uleule.

Shaba haiogopi turubai. Ndiyo maana hakuwa amewahi kulifikiria. Na Carmel alikuwa amepima maji matupu ya chumvi, yale yanayofanya plastiki ielee, yasiyo na tope, ili ajue kama uchafu unatoka humu humu labo. Maji yalitoka safi, lakini maji hayakupita juu ya turubai. Hilaire alitazama viganja vyake. Kinyaa chote alichokuwa amemtemea jirani sasa kilikuwa chake.

Lingekunjwa, turubai lile, likaingia tanuruni, nani angejua? Chumba cha pili Carmel alikuwa akichapa ripoti na kuimba chini kwa chini. Nyuzi mia nne na zaidi, profesa angefurahi. Hilaire alikwenda na turubai hadi mlango wa tanuru, akasimama pale joto likimpiga usoni. Halafu akageuka, akalipeleka mezani kwa Carmel.

"Ile buluu haitoke mu mto," akasema. "Inatoka ku bâche yangu. Miye njo niliiweka."

Carmel aliacha kuchapa. Alishika ukingo wa turubai kwa ncha za vidole viwili, namna mtu anavyoshika panya mfu kwa mkia.

"Zote kumi na mbili, Papa Hilaire?"

"Zote."

Carmel hakumtukana. Alifungua daftari la labo akamsogezea kalamu. Kwenye kila mstari, mara kumi na mbili, Hilaire aliandika kwa mwandiko wake mzuri kwamba sampuli imeharibiwa na mtayarishaji, akatia sahihi. Carmel akampigia profesa simu, akaomba wiki mbili, akapewa moja.

Alhamisi walirudi Lufira na ndoo ya bati, kijiko cha chuma na mitungi ya kioo. Tope jipya Hilaire alilichanganya juu ya bamba la chuma, na Carmel alisimama nyuma yake muda wote, akiangalia mikono ile ambayo zamani hakuna aliyeiangalia. Hilaire alistahili kuangaliwa, na alijua.

Karatasi ya kwanza ilipokuwa tayari, Carmel alitazama, akapumua.

"Tatu tu. Angalia."

Hilaire akainama. Kipande cheusi cha mfuko, ganda jeupe la plastiki, na uzi mmoja mwekundu, vimekaa ndani ya tope la mto tangu siku asiyoijua. Hivi havikuwa vyake. Alinyoosha mkono akavuta daftari, akaandika tatu, na safari hii alitoka nje kutema mate.