Abiria Hamsini na Saba, Dakika Ishirini

Mgahawa wa Gaudiosa uko Bagara, mjini Babati, kando ya barabara kuu, na siku akipata walaji kumi na wawili alilala akimshukuru Mungu. Sasa Elineema, msimamizi wa mabasi, bwana mmoja mkavu asiyejua mzaha, alikuwa amempa jaribio: Jumanne saa saba mchana basi la abiria hamsini na saba litasimama kwake kwa dakika ishirini. Wote wakila na basi likaondoka kwa wakati, litasimama hapo kila siku. Wasipomaliza, nafasi atapewa mwingine, na Gaudiosa alishaapa kwamba hilo likitokea anafunga mlango na kurudi kijijini Dareda kushika jembe.

Wa kumsaidia alikuwa kaka yake Kornel, aliyestaafu baada ya kupika miaka ishirini na miwili kwenye meli ya jeshi la wanamaji. Alikuja Babati kusalimia tu, na alikwisha kusema kwamba hataki kuona sufuria kubwa tena mpaka anazikwa. Lakini aliposikia dakika ishirini, aliweka kikombe cha chai chini, akavua saa yake na kumwambia dada yake:

"Mama Evelyne, futa ubao wa vyakula. Wali, nyama, maharage, kabichi, basi."

"Watu wanachagua, kaka. Kuna wa ugali, kuna wa ndizi."

"Ukimuuliza mtu anataka nini, ameshakula dakika yako moja. Melini hata mkuu alikula kilichopo."

Jumanne asubuhi Kornel akainjika wali katika sufuria nne, kila moja nusu tu. Gaudiosa alitamani kulia, maana sufuria nusu mbele ya wageni ni aibu tupu. Kornel akapandisha suruali, akamwonyesha kovu la mchuzi lililoanzia gotini, kumbukumbu ya siku bahari ilipochafuka na sufuria ikiwa imejaa. "Halafu nusu inaiva upesi," akasema. Kisha akatandaza vitambaa vibichi mezani ili sahani zisiteleze. Rosalia, anayeosha vyombo, akamwambia kwa heshima zote kwamba meza za Babati haziendi popote. Kornel hakucheka.

Saa saba kasoro robo honi ikalia. Basi lilikuwa limewahi, na Gaudiosa akakimbilia jikoni. Akafunua sufuria ya kwanza, wali umeiva. Ya pili, umeiva. Zote nne ziliiva, na sahani thelathini zilikuwa tayari zimepakuliwa nyama na mboga, zikingoja wali tu.

"Mlango huu wa kuingia, ule wa kutokea," Kornel akaamuru, na ajabu ni kwamba watu walitii. Mama mmoja alianza kuulizia samaki, akajikuta ana sahani ya nyama mkononi na ameshakaa. Baba mwenye tumbo lake akaikumba meza kwa nyuma. Meza ikaruka, sahani hazikusogea hata kidogo, na Rosalia akamtazama Kornel kwa macho mapya. Gaudiosa alipakua, akapokea pesa, akafuta meza, na katikati ya zile mbio akagundua kwamba ana furaha, furaha ya kutaka kupiga vigelegele.

Dakika ya kumi na nane abiria wa mwisho alipanda basi akijisafisha meno. Elineema aliangalia saa yake mara mbili.

"Kesho nakuletea mabasi mawili," akasema. "Ila huyu mzee lazima awepo. Asipokuwepo, tusidanganyane."

Gaudiosa hakuthubutu kumtazama kaka yake, maana begi la Kornel lilikuwa limefungwa kwa safari tangu asubuhi na hakuwa mtu wa kubembelezwa. Nyuma yake Kornel alikuwa akikwangua ukoko, akaacha.

"Yanakuja pamoja," aliuliza, "au yanapishana?"

"Yanapishana robo saa."

Kornel akamgeukia dada yake. "Tutahitaji sufuria nyingine nne."