Wanja wa Watoto wa Mirpur

Mahfuza alikuwa amechoka kabla hata jopo halijamwita. Alikaa kwenye benchi la korido, viatu vimelowa maji ya mvua, sari aliyoazima kwa dada yake imemganda miguuni, akajaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho alizungumzia watoto bila kuomba kitu. Hakukumbuka.

Hii ilikuwa mara yake ya tatu kuomba ruzuku ya utafiti, na ya mwisho. Ruzuku ile ni ya watafiti chipukizi, na mtu huhesabiwa chipukizi kwa miaka mitano tu tangu apate shahada yake ya uzamivu. Baada ya hapo sijui huwa amekomaa au amenyauka, kanuni hazisemi. Mwaka wake wa tano ulikuwa unaishia. Akikosa, chumba chake cha utafiti kinafungwa, Porimol fundi wake anarudi kutengeneza simu, na yeye mwenyewe anakwenda kuandika barua za biashara katika kiwanda cha nguo cha shemeji yake. Shemeji alikwishamwandalia meza, na kila Ijumaa kwenye wali na samaki alikuwa akimkumbusha kwamba meza ipo.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kueleza. Mtoto akiwa na kaka au dada mwenye usonji, uwezekano wa yeye naye kuwa nao ni mkubwa kuliko wa watoto wengine. Mahfuza alitaka kujua kama dalili zinaweza kuonekana mapema, kabla mtoto hajafika umri wa kusema, kwa kuangalia macho yake yanakwenda wapi. Basi kichanga anapakatwa na mama yake mbele ya skrini, kwenye skrini kuna mwanamke anacheka na kuongea, na chini yake kuna kamera inayofuatilia mboni za mtoto zinatua wapi. Watoto aliwapata Mirpur, mtaa wa watu wa hali ya chini jijini, kwenye nyumba za mabati, kwa kina mama ambao mtoto wao mkubwa hasemi na hakuna aliyewahi kukaa nao akawaeleza kwa nini.

Hapo ndipo wanja ulipoleta balaa. Kamera ile inatafuta duara jeusi la mboni. Ikikuta mtoto amepakwa wanja uliokolea, juu na chini, inababaika, inakamata kope, inakamata kivuli, mwisho inalipoteza jicho kabisa. Na hakuna mama wa Mirpur anayemtoa kichanga nje bila wanja machoni na doa jeusi pembeni ya paji la uso, maana njiani kuna watu, na watu wana macho. Sasa hapa wanaitwa kwenye chumba chenye mashine ambayo kazi yake yote ni kumkodolea mtoto. Unadhani watapunguza? Siku ya kwenda kwa Mahfuza wanja ulipakwa mara mbili.

Kilichomkera Mahfuza ni kwamba alipaswa kulijua hilo. Yeye si mgeni. Picha yake ya utotoni iko ukutani kwa mama yake, macho meusi kama ya bundi. Lakini alipoandika mpango wa utafiti alinakili hatua zote kama zilivyowekwa na wenzake wa ng'ambo, ambako vichanga hawapakwi kitu, na akili yake haikurudi nyumbani hata mara moja. Mara zote mbili jopo lilimkatalia kwa sababu ile ile: rekodi nyingi mno zimeharibika.

Alijaribu kuwaomba kina mama wafute. Aliweka pamba, akaweka mafuta ya watoto. Wengine walikubali, wakakaa roho juu mpaka mwisho, na wiki iliyofuata hawakurudi. Aliyekataa wazi ni Mama Shihab. Mwanawe Shihab alikuwa na miaka saba na hajawahi kumwita mama. Na sasa alikuwa na binti mchanga, Tuni.

“Dada daktari,” alisema, “huyu wa kwanza sikumpaka. Nilijiona wa mjini, nikasema wanja ni ushamba. Umeona mwenyewe yaliyompata. Huyu wa pili unataka nimvue kinga kwa mkono wangu?”

Mahfuza alimweleza, taratibu, kwamba usonji hauletwi na jicho la mtu na kwamba hakumkosea Shihab kitu. Mama Shihab alisikiliza kwa adabu zote, akamkumbatia Tuni, akaondoka.

Jopo lilikuwa na watu watano na biskuti nyingi. Mwenyekiti, Profesa Imtiaz, alikuwa mzee mpole, na upole wake ndio uliomchosha Mahfuza zaidi, kwa sababu huwezi kugombana nao. Alimuuliza rekodi zinaharibikaje. Mahfuza akasema ukweli. Wakacheka, si kwa ubaya. Mmoja akakiri kwamba hata mjukuu wake hupakwa, bibi yake akija kutoka kijijini. Mahfuza aliomba apewe muda na fedha kidogo atafute njia nyingine: kupiga video ya kawaida na kuwafunza watu kuitazama na kuhesabu kwa macho yao wenyewe. Ni kazi ya polepole, alikiri, lakini wanja haungeizuia.

“Mbona unajitesa, mwanangu?” alisema Profesa Imtiaz. “Chukua familia za Gulshan na Dhanmondi. Wamesoma, hawapaki. Utapata rekodi safi, utachapisha, utaendelea na maisha. Hao wa Mirpur utawarudia baadaye.”

Mahfuza alisema kwamba matajiri wa Gulshan wana madaktari wao, na wakikosa wanapanda ndege kwenda Singapore. Profesa alitikisa kichwa kukubali. Alijua. Akamweleza, kwa upole ule ule, kwamba mashine imeshanunuliwa, na mfuko wa ruzuku hauwezi kuiacha ikae kabatini. Wako tayari kumpa ruzuku leo hii, ila sharti hilo la kuhamia Gulshan na Dhanmondi liandikwe.

Hakuna aliyemharakisha. Walimwacha afikiri, wakajimiminia chai. Yeye akafikiria Porimol, akafikiria ile meza ya shemeji, akafikiria kurudi nyumbani tena na uso ule ambao mama yake ameshauzoea, na mdomo wake ukasema sawa. Aliona aibu. Aliona pia nafuu, na nafuu ilikuwa kubwa kuliko aibu, na hilo ndilo lililomuuma njia nzima akirudi.

Kesho yake asubuhi Porimol alipokea habari kwa furaha. “Basi dada, tumekuwa watu wa Gulshan,” alimwambia. “Itabidi nianze kuchomekea shati. Au wewe utanipigia pasi?”

“Kaka Porimol, wewe hata ukichomekea, tumbo litachomoa,” alimjibu, wakacheka wote wawili. Walikuwa bado wanacheka asubuhi ile, wakipanga orodha mpya, aliposimama mlangoni Mama Shihab, anahema kwa ngazi, Tuni mikononi.

Mahfuza hakumtambua mtoto mara moja. Uso ulikuwa mtupu, mwekundu kwa kusuguliwa, macho yakionekana madogo na ya mtu mwingine.

“Mama mkwe hajui,” alisema Mama Shihab kwa sauti ya chini. “Nimemfutia hapo ngazini, kwa pindo la sari. Nimefikiria sana, dada. Shihab nilichelewa kujua. Kama na huyu yumo, bora nijue sasa. Mpimeni upesi, nimpake tena kabla hatujatoka njiani.”

Porimol aligeukia kompyuta yake, akajifanya kuna kitu anasoma. Mahfuza alimvutia mgeni kiti, na mgeni hakukaa.

“Mama Shihab, utafiti umehamia kwingine,” alisema. “Mirpur haimo tena.”

“Haimo kwa nini?”

“Kwa sababu ya wanja.”

Mama Shihab alimtazama Tuni, akamtazama daktari. “Lakini huyu nimeshamfuta,” alisema.

Mahfuza alisema pole, na neno lenyewe likamtia kinyaa. Alianza kusema kwamba huenda mwakani, kisha akanyamaza, kwa sababu huyu mwanamke alikuwa ameshadanganywa vya kutosha na watu waliosoma.

Mama Shihab hakugomba. Alitoa kikopo kidogo kiunoni, akachovya kidole, akaanza kumpaka mtoto pale pale aliposimama. Tuni alikuwa akilia na kujipindua, wanja ukaenda shavuni. Mahfuza akasogea, akamshika mtoto kichwa kwa mikono miwili, akakituliza, mpaka mama yake alipomaliza jicho la pili.